Tarehe Kumi na Moja, Mwezi wa Tano

Kijijini watu wakikushuku wizi, husemea pembeni. Perez, mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama wauza samaki hapa Asembo Bay, hakuhangaika na pembeni. Aliniita mwizi kikaoni, mbele ya wote, maombi ya kufungua yakiwa ndiyo kwanza yamekwisha.

Kisa ni simu. Dalmas, kijana wa hapa anayefanya kazi ng'ambo, alikuwa ametutumia sarafu za mtandaoni ili tununue mtambo wa barafu, maana mnunuzi akichelewa samaki wetu wa mbuta huharibika, na bei anaipanga yeye. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo pochi ya sarafu hizo ilikaa kwenye simu yangu. Simu ilipoanza kuzimika ovyo, nilitoa funguo za pochi nikazihifadhi kwenye faili, kwa sababu bila funguo huna sarafu. Programu ikaniuliza tarehe ya kufunguliwa pochi iandikwe vipi: mwezi kwanza, mwaka kwanza, au siku kwanza. Hilo nalo ni swali? Nikachagua siku kwanza, kama Mkenya yeyote mwenye akili timamu. Kisha nikapakia faili kwenye simu mpya, niliyoletewa na shemeji kutoka Amerika. Pochi ikafunguka vizuri. Ndani mlikuwa na sufuri.

Perez alisema nilete sarafu kabla ya Jumamosi, la sivyo nifukuzwe chamani na nipelekwe kwa chifu. Mimi nina wakwe. Naimba kwaya. Niliumia, na sioni haya kusema hivyo.

Nikaenda Kisumu kwa Becky, binti wa marehemu dada yangu, anayetengeneza programu za kompyuta. Alinieleza kwamba yeyote duniani anaweza kutazama kilichomo kwenye pochi kama hiyo, ila kutoa ni mpaka uwe na funguo. Akaandika anwani ya pochi yetu kwenye kompyuta yake, akatazama.

"Doo zote ziko, Anti," akasema. "Hakuna mtu amegusa. Ni simu yako ndio haizioni."

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Nilipomaliza kulia nikashikwa na hasira, kwa sababu nilijua wanawake wangesema nini: kompyuta ni ya Becky, na Becky ni damu yangu. Walitaka kuona sarafu ndani ya simu.

Becky akafuta pochi, akapakia faili upya. Sufuri tena. Akaanza kukagua mambo yake ya ndani ya programu, mimi nikakikodolea macho kioo cha simu. Kuna maandishi madogo yalipita chini: natafuta kuanzia Novemba 5.

"Ngoja hapo," nikamwambia. "Novemba imetoka wapi?"

"Si hiyo ndio siku mlifungua pochi?"

"Nani alifungua Novemba? Tulifungua wiki ya matanga ya Mzee Oyugi. Mvua ilinyesha mpaka gari la jeneza likakwama, tukalisukuma na nguo zetu za kanisa. Hiyo ni mwezi ya tano, Becky. Novemba ilikuwa jua kali."

Becky akafungua faili, akaanza kucheka. Palikuwa na 11/05. Mimi nilikuwa nimesema tarehe kumi na moja, mwezi wa tano. Simu ya Kiamerika ikasoma mwezi wa kumi na moja, tarehe tano, ikaanza kutafuta hapo na kuendelea mbele. Dalmas alikuwa ametuma Juni. Ni kama mtu anayefika msibani baada ya maziko, halafu anatangaza kwamba hakuna aliyekufa.

Becky alitaka kurekebisha papo hapo. Nikamshika mkono.

"Wacha hivyo hivyo. Kesho tunaenda pamoja."

Jumamosi, ukumbi wa kanisa ulijaa kuliko siku ya harambee. Watu hupenda sana kuona mwenzao akifukuzwa. Nikaeleza habari ya tarehe, wengine wakaguna. Sikubishana nao. Nikamkabidhi Perez simu na faili ndani yake.

"Mama mwenyekiti, bonyeza wewe mwenyewe, kusiwe na maneno. Pakia. Hapo chini kuna mahali pa kuchagua tarehe isomwe aje, sisi tulipapita bila kuangalia. Chagua siku kwanza."

Perez akabonyeza kwa kidole kimoja, uso umekunjamana. Simu ikaanza kutafuta. Ikapita Mei, na wanawake wakasogea mpaka wakamzingira. Ilipofika Juni, sarafu za Dalmas zikatokea zote kwa pamoja, mkononi mwa Perez.

Milka, mkubwa wetu kwa umri, ndiye aliyepiga sigalagala ya kwanza, na vigelegele vya wengine vikafuata mpaka watu wa sokoni wakachungulia madirishani. Nilicheza. Kwa miguu hii yangu yenye baridi yabisi, nilicheza.

Becky akatushauri tutoe funguo upya na safari hii tuanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwani mtindo huo simu zote huusoma sawa.

"Lakini ni nani huanza na mwaka?" Perez akanong'ona. Tukapiga kura kwa mikono. Mwaka ukashinda.

Kelele zilipopungua, Perez akaniinamia sikioni. "Nisamehe, Rosa."

"Hapana," nikasema. "Uliniita mwizi ukiwa umesimama, na watu wakiwa wamenyamaza. Simama."

Akasimama. Ukumbi ukanyamaza. Akasema Rosa si mwizi, yeye ndiye aliyenisingizia. Nikamwambia arudie, kwa sababu Milka ana sikio moja tu linalosikia na alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akarudia, kwa sauti, mpaka Milka akainua mkono kuonyesha kwamba amesikia.