Sanduku la Djuma na Kidole cha Mama Asha

Sanduku lilikuwa la mbao ya lifaki, nyekundu, refu la kumfikia mtu kifuani, na Djuma alilipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Kioo cha kugusa alikiokota kwenye takataka za shirika moja lililofunga ofisi zake mjini, likaondoka na magari yake, likatuachia viti vibovu na mabango ya kujishukuru. Ndani alitia kompyuta ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, pamoja na betri inayoshibishwa na jua la paani na spika alizozifumua kwenye redio ya marehemu baba yake. Umeme wa mji hakuutegemea. Mwenye akili Kisangani hamtegemei mgeni anayeingia bila hodi na kutoka bila kuaga.

Lakini mali yenyewe ilikuwa nyimbo. Kwa miaka Djuma alivuka mto kwenda Lubunga, akashuka mpaka Isangi, akibisha kwenye nyumba za watu kuomba kanda za kaseti. Alitafuta bendi za hapa hapa, zilizopiga kwenye harusi na matanga, ambazo wakubwa wa Kinshasa hawakuzijali, na vita vikaja kumaliza zilizobaki. Kanda nyingine zilikuwa na ukungu, nyingine panya wamezionja. Alizisafisha kwa spiriti na pamba, akazitia kwenye kompyuta, na kila bendi akaipa picha yake kiooni. Gusa picha, kisha gusa duara la kijani lililoandikwa CHEZA. Duara aliliweka makusudi, ili mlevi atakayeegemea kioo asimkatie mwenzake wimbo.

Tantine Françoise, mwenye nganda, baa ya mtaa, pale Kabondo, alimpa Jumamosi moja tu ya majaribio. Yannick, wakala wa kampuni ya bia, alikuwa amemletea tantine spika mpya ya bure, nyimbo zake zimeshapangwa na ofisi.

"Batu bakiitumia bo benyewe, sanduku inabaki," tantine alisema. "Bakiikataa, Djuma, utaibeba. Miye niko na nganda, haiko musée ya bitu bya zamani."

Mchana wa Jumamosi nganda ilijaa. Wa kwanza kuinuka alikuwa Papa Célestin, mstaafu wa reli. Alichomeka shati, akagusa picha, akarudi nyuma, akangoja. Kimya.

"Imekufa," akasema.

"Haiyakufa, papa," Djuma alijibu, akanyoosha mkono na kuligusa duara yeye mwenyewe. Gitaa likafunguka, watu wakapiga makofi.

Akaja mwingine. Akagusa picha, akarudi nyuma, akamtazama Djuma. Djuma akamalizia. Na mwingine vile vile. Kabla bia hazijapata joto, Djuma alikuwa amesimama kando ya sanduku lake kama mlinzi, akiwabonyezea watu wazima.

Yannick alikuwa ameketi karibu, spika yake ikiwa bado ndani ya katoni. "Ya Djuma," akamwita kama mtu anayemheshimu kaka yake, "machine yako inaomba mushahara ya mutu. Yangu haiombi mutu."

Watu wakacheka. Djuma akamgeukia Papa Célestin. "Papa, weye umesoma. Duara si unaiona? Juu ya nini hauigusi?"

"Naiona. Lakini miye nilisha chagua. Ile ingine iko kazi ya agent."

"Agent gani?"

"Agent wa bureau ya kura. Siku ile si njo ilikuwa vile? Unagusa picha, anakuambia rudi nyuma papa, usiharibu mashine. Yeye anamalizia."

Wengine wakaitikia kwa vichwa, bila uchungu, kama watu wanaokumbushwa njia ya sokoni.

Djuma alimkumbuka mama yake kwenye darasa la shule lililogeuzwa kituo cha kura, mbele ya mashine, na mkono wa karani ukipita mbele ya uso wake. Uligusa nini, mama hakuona. Alirudi nyumbani akasema amepiga kura, akafa akiamini hivyo. Djuma alikuwa ameupigia kelele mkono ule kila penye watu, mpaka waendesha toleka, baiskeli za abiria, wakawa wakimwona tu wanazipanda na kukimbia. Na sasa mkono ule ule huu hapa, umeota kwenye bega lake mwenyewe.

Tantine akamsogelea. "Toa hiyo duara, mon cher. Picha moja, wimbo moja. Bon, imeisha."

Kazi ilikuwa nyepesi, ya muda wa kunywa glasi moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Djuma alilitazama duara.

"Hapana, tantine."

Akaenda meza ya mbali, akaligeuzia sanduku mgongo, akaikalia mikono yake. Nyimbo zikakatika. Jikoni mchi ulisikika ukitwanga ndizi za lituma. Kisha ikasikika katoni ya Yannick ikichanwa.

Mama Asha, aliyekuwa ameleta samaki wakavu kwa tantine, akaweka kapu chini, akalikaribia sanduku.

"Na nikiiharibu?" aliuliza.

"Nitaitengeneza," Djuma akasema bila kugeuka.

Mama Asha akapangusa kidole kwenye kikwembe alichojifunga. Akagusa picha. Yeye hakurudi nyuma. Kidole kilibaki hewani muda mrefu, kama cha mtu anayepima joto la mafuta, kisha kikashuka kwenye duara.

Tarumbeta ikalia, imepinda. Ilikuwa bendi ya wafanyakazi wa reli wa Lubunga, ile ambayo Djuma nusura aiache kwa aibu.

"Mama, umekosea picha," mtu akasema.

"Badilisha basi," Yannick akaongeza. "Masikio inatuuma."

"Niligusa miye," Mama Asha akajibu. "Muache iishe."

Akasimama palepale, mikono kifuani, akiulinda wimbo wake mbaya kama chungu kilicho motoni. Djuma alipogeuka, nyuma ya Mama Asha alimwona Papa Célestin akingoja zamu, kidole tayari kimesimama, na nyuma yake wengine.

"Yannick," tantine aliita kutoka jikoni, "ondoa katoni yako kwa njia. Batu bapite."