Iliki za Rubeni wa Iyula

Rubeni alirudi Iyula kutoka kukata mkonge Tanga akiwa na kofia ya Kizungu iliyopasuka ukingo, na gunia bichi lenye mizizi ya iliki. Enzi hizo za Mwingereza watu wa huko Mbozi walikuwa wameanza kuzoea kahawa. Rubeni aliwadharau.

"Kahawa inawatetemesha mikono bure," alimwambia Osea, kaka wa mkewe. "Iliki inatuliza tumbo, inaondoa gesi, inanukisha kinywa. Na vinywa vya huku vinaihitaji."

Aliipanda bondeni, kando ya kijito, chini ya miti mikubwa, kama alivyoona Usambara. Hapo hakukosea. Tatizo ni kwamba Usambara alipita tu njiani. Iliki alizozifahamu vizuri ni zile za ndani ya kikombe cha chai.

Mashina yakarefuka hadi yakampita kimo. Mwaka wa tatu, kila asubuhi, Rubeni alikuwa akiinua shingo kutafuta matunda kileleni. Hakuna kitu. Siku moja Osea akapita.

"Shemeji, haya matete yako yatazaa lini? Tumbo linanisumbua."

Wanawake waliokuwa wakichota maji wakaangua kicheko. Rubeni akashika jembe na kuyang'oa mashina kwa hasira, moja baada ya jingine, akajiendea nyumbani.

Jioni mkewe, Loisi, akaenda kuokota majani ya kutandika zizini. Alipogeuza shina moja akaona vishada vimelala udongoni, vimejaa punje za kijani, vimefunikwa na majani makavu. Akapasua punje moja. Harufu ikamjaa puani. Akambebea mumewe.

"Baba Nesta, zilikuwa chini. Umekuwa ukizikanyaga."

Mwanamume mwingine angejicheka. Rubeni akaitafuta kofia yake, akaivaa.

"Ulidhani leo nilikuwa nafanya nini? Ndivyo tunavyovuna Tanga."

"Kwa kung'oa shamba?"

"Wewe hujafika Tanga."

Loisi akamwacha na Tanga yake. Aliirudisha udongoni mizizi iliyokuwa na uhai, punje akazianika. Jumapili, baada ya ibada, akamkaribisha kaka yake chai. Osea akanywa, akacheua, akaomba tena.

Tangu hapo Loisi alimkataza mumewe kukanyaga bondeni. Rubeni akakitangazia kijiji kizima kwamba kazi ndogondogo za iliki amemwachia mwanamke.