Neno la Kufanana na Mkate

“‘Blad’,” Sephora alisema kwa upole, kama mtu anayemwondolea mwenzake unyoya begani. “Hapana ‘blud’, yaya Delphine. Banaandikaka vile, lakini banasemaka ‘blad’.”

Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo alivyomwita mbele ya kwaya nzima. Delphine alibaki amesimama mbele yao, mkono ungali hewani pale mstari wa mwisho ulipomwacha. Alikuwa ametunga ubeti wa Kiingereza, wa kwanza maishani mwake, wenye mistari mitatu iliyoishia kwenye “food”, “good” na “blood”: chakula, wema, damu. Maneno hayo aliyaokota katika Biblia ya kuazima na kwenye magunia ya unga yanayotoka Zambia. Aliyachagua kwa sababu yote matatu yalibeba “o” mbili katikati, zimekaa pamoja kama macho ya bundi. Kinywani mwake yalilingana kabisa: fud, gud, blud. Wiki nzima alikuwa akiyaimba huku akisuka watu nywele, na kila kina kilitua mahali pake bila kusukumwa.

“Na ile ‘good’?” aliuliza Antoine, kiongozi wa kwaya, aliyekaa na ngoma yake kati ya magoti.

Sephora alisita. Ilionekana wazi kwamba hakutaka kusema. “Ile iko fupi, papa Antoine. ‘Food’ iko murefu. Kwa kweli yote tatu haifanane.”

Mmoja wa wanawake wa sauti ya kwanza alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Antoine alikuna kidevu.

“Si mubaya, mama Delphine. Lakini bageni ba Jumapili banatoka Ndola, kule Zambia, na Kingereza njo luga yabo ya kanisa. Tumwachie Sephora atunge. Weye utatusaidia na Kiswahili.”

“Ndiyo, papa,” Delphine alijibu, akarudi kwenye safu ya pili.

Utatusaidia. Neno hilo alitoka nalo kanisani, akalibeba njia yote hadi nyumbani, akipita kati ya mafundi wa milango na pikipiki za mtaa wa Lubumbashi uitwao Kenya. Yeye, wa kusaidia. Nyimbo za kwaya ile alikuwa akizitunga tangu kanisa lilipokuwa turubai lililofungwa kwenye miti minne. Nyimbo za harusi zilitoka kwake. Nyimbo za msiba zilitoka kwake pia, na kulikuwa na wanaume wazima pale Lubumbashi ambao hawakuwa wamelia mpaka walipofika kwenye kiitikio chake. Antoine mwenyewe, kila siku ya mazoezi, alikuwa akimwekea kiti karibu na ngoma. Tangu Sephora aliporudi kutoka Ndola, kiti kile kilihama. Hakuna aliyekihamisha. Siku moja tu kilionekana upande wa pili, na Sephora amekikalia, mkoba wake umeshikwa na mwimbaji mwingine.

Sauti ya Sephora haikuwa kubwa. Delphine aliipima mara nyingi, jinsi mtu anavyopima kitambaa cha jirani kwa vidole: nyembamba, safi, haina uzito chini. Lakini ilipofika mwisho wa mstari wa Kiingereza, na mwisho huo ukafanana na mwisho wa mstari uliotangulia, “road” ikakutana na “load”, “night” ikakutana na “light”, watu walitabasamu kabla hawajajua maana yake. Hilo ndilo lililomuuma. Wivu wake ulikuwa kama mchanga ndani ya bukari, ugali wa kwao. Ni kidogo tu, na ukitazama sahani huuoni, lakini kila tonge linakukumbusha.

Asubuhi ya pili yake Mapalo alipita kwenye kibanda cha Delphine cha kusukia, na mzigo kichwani. Mapalo alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya nywele. Alivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia kila mara, na Kiingereza chake kilikuwa cha kubishana bei.

“Tua kwanza mzigo,” Delphine alimwambia. “Leo sitaki kusoma kitu. Mi nataka kusikia. Niambie kichwa banaitaka namna gani kwa Kingereza.”

“Kichwa? ‘Hed’.”

“Kitanda?”

“‘Bed’. Weye, uko mugonjwa?”

“Endelea. Rangi ile ya skafu yako.”

“‘Red’.”

“Mukate?”

“‘Bred’.”

Delphine alifumba macho. Hed, bed, red, bred. Alikuwa amekwisha kuyaona baadhi ya maneno hayo kwenye karatasi na kuyapita, kwa maana hayakuvaa nguo moja. Kumbe yalikuwa ndugu. Yeye alikuwa akitazama sura za maneno, na ukoo wao ulikuwa kwenye koo. Ni jambo gani hilo la kumpita mtunzi? Katika Kiswahili hakuwahi kuuliza macho yake.

“Na hii?” aliuliza, akiinua kibunda cha uzi mweusi, ule wa kufungia nywele.

“‘Thred’,” Mapalo alisema, akitoa ulimi kidogo kati ya meno, kisha akacheka. “Ulimi unatoka inje kwanza. Bazungu njo balituletea matatizo ile.”

Delphine alitoa ulimi nje. Thred. Alirudia mpaka wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaanza kurudia naye. Alifurahi kama mtoto aliyeng'oa jino mwenyewe. Halafu furaha ilimkauka, maana hakuwa na wa kumwambia. Wimbo ulikuwa umekwisha kupewa Sephora.

Siku moja kabla ya wageni kufika, Sephora alikuja kibandani. Alishuka kwenye teksi iliyomtoa mtaa wa Bel-Air, akainama kuingia chini ya mabati, akasalimia benchi zima.

“Yaya Delphine, nataka nywele za uzi. Zile za bamama zetu. Bote banasema hakuna mukono kama wako.”

Angeweza kusema nafasi imejaa. Badala yake alivuta kigoda, akamkalisha, akakata uzi. Kichwa cha Sephora kilikuwa kati ya magoti yake, chepesi, chenye harufu ya mafuta ya nazi. Delphine aligawa fungu la kwanza, akaanza kulizungushia uzi kutoka kwenye ngozi kwenda juu. Alivuta kidogo kupita ilivyohitajika. Sephora alishtuka mabega.

“Iko sawa, yaya,” alisema. “Iko sawa.”

Delphine alilegeza. Kisha, fungu la tatu, akavuta tena.

“Wimbo haujaisha,” Sephora alisema. “Nimekuja kwa nywele, lakini nimekuja na kwa ile. Ubeti wa mwisho unanishinda. Sikia.”

Aliimba polepole, uso umeelekea barabarani. Mstari wa kwanza ulimshukuru Mungu kwa kuwapa watu wake mkate, ukaishia “bread”. Mstari wa pili ulisema, maisha yangu yamo mkononi mwako: “my life is in your hand”. Hapo aliacha. Muziki ulikuwa bado haujaisha. Kulibaki nafasi, pana ya kutosha kwa neno moja au matatu, na ndani yake palipita honi ya pikipiki.

“Umesikia?” Sephora aliuliza. “Kuko shimo. ‘Hand’ haifanane na ‘bread’, na melodi inataka kitu ingine. Nimetafuta. ‘Head’ inafanana, lakini nitamwimbia Mungu kichwa namna gani? Papa Antoine anasema atapiga ngoma pale, bantu hawataona.”

Delphine alikuwa ameshika uzi umenyooka kati ya vidole vya mikono miwili. Neno lilikuja lenyewe, halikuitwa. Maisha yangu yamo mkononi mwako, kama uzi. “Like a thread.” Lilitosha. Lilienea kwenye nafasi ile bila kubaki wala kupungua, na lilifanana na mkate. Alihisi moyo wake ukigonga kwenye kisogo cha Sephora, karibu sana hata akaogopa kwamba mwenzake atausikia.

“Weye njo mutunzi,” Sephora alisema. “Nyimbo zote nzuri za hapa ni zako. Nisaidie.”

“Mi?” Delphine alizungusha uzi. “Kingereza yangu iko ya magunia, mama. Uliisikia.”

Sephora aligusa uzi uliokwisha kufungwa. “Kule Ndola balicheka Kingereza yangu, yaya. Mwaka muzima niliimba nyuma kabisa, nafungua tu kinywa bila sauti. Siku ile nilikusahihisha mbele ya bantu, nilirudia nyumbani na aibu. Haikuwa kazi yangu.”

Maneno hayo hayakumlainisha Delphine. Yalimuudhi zaidi, maana mtu wa kuonewa huruma ni vigumu kumchukia, na yeye alikuwa hajamaliza. Alisuka mpaka mwisho bila kusema lolote la maana. Kazi ilitoka nzuri, hata yeye alilazimika kukiri. Nyuzi zilisimama na kuinama zikaungana juu ya kichwa kama taji. Sephora alijitazama kwenye kioo, akamshika mikono yote miwili, akaondoka. Neno lilibaki kibandani.

Jumapili wageni walijaza viti vya mbele, wanawake kwa wanaume, vitenge vyao vipya bado vina mikunjo ya sandukuni. Mahubiri yalitafsiriwa, sadaka ikapita, kisha kwaya ikaitwa. Sephora alisimama mbele peke yake. Alipoimba ubeti wa kwanza, wageni walitazamana. Kwenye wa pili mzee mmoja alianza kutikisa kichwa, na mke wake akapiga makofi mepesi kwenye goti. Delphine, safu ya pili, aliitikia alipotakiwa kuitikia. Aliona kila kitu: Antoine anavyong'aa, wageni wanavyoegemea mbele, na taji la nyuzi, kazi ya mikono yake, juu ya kichwa kilichotazamwa na kanisa zima. Hata uzuri ule ulikuwa wake, na hakuna aliyejua.

Ubeti wa mwisho ulifika. Mungu akawapa watu wake mkate. Maisha yangu yamo mkononi mwako. Sephora alifunga mdomo, na Antoine akainua mikono juu ya ngoma kuziba shimo.

“Like a thread,” Delphine aliimba.

Ilitoka kwa sauti yake yote, ile nzito iliyozoea misiba, na ulimi ulitoka kati ya meno pale ulipopaswa kutoka. Mikono ya Antoine ilibaki juu. Kwa muda mdogo kanisa halikuwa na sauti yoyote isipokuwa ile iliyokuwa ikiishilia kwenye mabati. Kisha mke wa yule mzee alisema “Eya, mukwai,” yaani naam kwa Kibemba, na viti vya mbele vyote vikasimama. Walidhani ilipangwa hivyo. Antoine naye, alipoona wamesimama, aliteremsha mikono kwenye ngoma na kutabasamu kama mtu aliyepanga.

Delphine alitaka kujua amefanya nini. Kama alikuwa amempa Sephora neno, kwa nini hakumpa jana, wakati wawili wale walikuwa kibandani na kuombwa kulikuwa kwa upole? Na kama alikuwa amemnyang'anya wimbo, mbona wimbo ulikuwa sasa umekamilika, na ulikuwa mzuri, na yeye mwenyewe alitamani kuusikia tena?

Wageni walitamani pia. Walianza kuuimba ubeti ule upya, kwa sauti zao, na Antoine akawafuata kwa ngoma. Sephora hakuwa amegeuka. Delphine aliona tu mgongo wake, na mabega yaliyopanda na kushuka mara moja. Kisha Sephora aliuchukua mstari wa mkate, akauongoza vizuri, akaingia kwenye ule unaofuata.

Alipofika kwenye “hand” aliinua kiganja, na wageni wakanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Sephora aligeuza uso kuelekea safu ya pili. Haukuwa uso wa hasira, na haukuwa wa shukrani. Aliacha pale mahali wazi, macho yake kwenye macho ya Delphine, akangoja.

Delphine alivuta pumzi.