Kamera ya Kumwona Baba

Nianze na yule mama mwenye duka la kamera, maana yeye ndiye aliyenivua nguo mchana kweupe bila hata kukusudia. Nilikuwa nimemwomba anishushie kila kamera yenye mdomo mrefu, nikazipanga mezani, nikawa nazipima uzito mkononi kama mtu anayejua anachofanya.

"Unataka kupiga picha za nini hasa?" akaniuliza.

"Za baba yangu."

"Yuko mbali sana?"

"Hapana," nikasema. "Tunaishi naye."

Miwani yake ilikuwa kichwani. Akaishusha mpaka puani, akanitazama vizuri. Mtu mwenye haya zake angeaga hapo hapo. Mimi nikamuuliza ipi inavuta zaidi.

Ngoja nieleze, msinicheke kabla ya wakati. Mimi ni dereva wa kreni, zile ndefu za kwenye majengo. Kutwa nzima niko juu kwenye kibanda cha vioo, nanyanyua nondo na zege. Shughuli ikipoa natazama mji, na upande wa pili wa barabara kuu naliona paa la jengo tunaloishi, dogo kama kiberiti. Huko paani kuna matangi ya maji, kamba za kuanikia nguo, na kila mchana kuna baba.

Baba alihamia kwetu baada ya mama kufariki. Ni mtu wa reli huyo. Miaka yake yote ya kazi alisimama stesheni na bendera mkononi, treni inapita, yeye anapunga, dereva anamjibu kwa honi. Alipofika kwetu nilimpandisha paani siku ya kwanza nijitambe kidogo. Nikamwonyesha kreni ya manjano, nikamwambia, "Ile pale, baba. Anayekaa juu kabisa ni mimi." Akaitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote mwaka ule.

Balaa lilianza kwa mama wa ghorofa ya pili, anayeanika nguo paani. Alimvuta mke wangu pembeni kwenye ngazi, akamnong'oneza: mzee wenu jamani, ikifika mchana anafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, anasimama ukutani, anavua kofia, anapungia hewa. Anaongea peke yake. Halafu anacheka, anashuka.

Na sisi tulikuwa tumeshaanza kuona mambo. Jioni tukiwa mezani baba alikuwa akiniambia, "Leo umenijibu haraka haraka. Mlibanwa na kazi?" Au, "Ahsante kwa ya leo." Mimi najibu, "Sawa, baba," huku mke wangu ananikanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa sijamjibu kitu. Nilikuwa hata sijaongea naye tangu asubuhi.

Basi na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikampigia simu dada. Dada yetu mkubwa ni mwalimu mkuu huko mji mwingine, na akishasema jambo linakuwa kengele imegongwa. Akasema atakuja mwisho wa mwezi kumchukua. Amwekee mtu wa kumwangalia, geti lifungwe, asije akaanguka paani tukabaki kulia. Anampenda baba, sisemi hampendi. Ila chumba alichomtengea nakijua: kipo nyuma ya nyumba na dirisha lake linatazama ukuta.

Baba alipoambiwa alisema neno moja tu: "Sawa." Tangu siku hiyo akawa hamalizi chakula. Kunikatalia hakunikatalia, kulalamika hakulalamika, sahani tu ndiyo ilikuwa inarudi jikoni nusu. Iliniuma jamani. Nikajiapiza kwamba kabla dada hajafika nitajua baba anafanya nini kule juu, na kama akili zake ni nzima haendi popote.

"Si umuulize?" akasema mke wangu. Yeye ni muuguzi, kazi yake ni kuwauliza watu wanaumwa wapi.

"Huwezi kumuuliza mtu kama amerukwa na akili," nikamjibu. Maneno ya mjuaji hayo. Ukweli ni kwamba sijawahi kumuuliza baba jambo zito tangu nizaliwe. Upepo ukitikisa kibanda kule angani mimi napiga miayo, lakini mzee akikohoa tu natafuta pa kutazama.

Ningemvizia mwenyewe paani, lakini wikendi nikiwa nyumbani hapandi. Nilijaribu kumpiga picha kwa simu nikiwa juu ya kreni, nikapata picha ya ukungu wenye doa. Mke wangu akasema basi nunua darubini, rahisi. Nikamwambia darubini haina ushahidi, dada atataka kuona kwa macho yake. Kamera ndiyo suluhisho, na siyo kwa ajili ya baba peke yake. Ni ya matumizi ya kila siku, nikasema. Tutapigia picha za familia. Mke wangu alinitazama tu, akaendelea kukunja nguo.

Hapo ndipo mtu mzima ovyo nilipozaliwa upya. Kila mapumziko nilikuwa kwenye simu, nasoma maoni ya watu, natazama video za vijana wanaofungua maboksi huku wakishangaa. Nikajua mambo ambayo hayanihusu. Nikaanza kuongea mezani habari za kuvuta mara themanini na kamera zinazopiga mwezi mpaka unahesabu mashimo yake. Mke wangu akaniuliza baba amehamia mwezini lini.

Na kelele nazo hazikunipa nafasi ya kusoma vizuri. Msimamizi alikuwa amenihamisha kutoka kreni ya manjano kwenda ya bluu, ile ya nyuma kidogo. Ya manjano akapewa jamaa mmoja tunamwita Mluzi, kwa sababu anapiga mluzi mpaka kwenye redio za kazi. Huyo bwana kila mchana lazima apige honi. Pii, pii! Hakuna mzigo, hakuna mtu chini, yeye anapiga tu. Nilimwona mshamba anayefurahia honi kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Nikawa naziba sikio moja, naendelea na video.

Yule mama wa duka alinivumilia kuliko ninavyostahili. Kamera niliyoitaka mimi ilikuwa na namba kubwa kuliko zote, na bei yake nayo ilinitoa kijasho. Akanipeleka mlangoni, akaniwekea mkononi, akasema, "Vuta mpaka mwisho, lenga lile bango kule." Nikavuta. Bango likaruka huku na huku, nikaliona, likapotea, nikaona pua ya mwendesha pikipiki, nayo ikapotea.

"Ukivuta sana, mkono ukitikisika kidogo tu umeharibu," akasema. "Na hizi za kuvuta mbali mno, mwanga ukipungua picha inakuwa chenga. Wewe chukua hii." Akanipa kadogo keusi kalikowahi kutumika, kanavuta mara thelathini. "Inaingia mfukoni, inatuliza picha yenyewe, na ina kidirisha cha kuchungulia jua likiwa kali. Kwa mfuko wa mtu wa kawaida hutapata bora."

Unadhani nilichukua? Thubutu! Nikamwambia nitafikiria. Nikazunguka mji mzima, duka hadi duka, nikibishana na wauzaji kuhusu vioo na vitambuzi, maneno niliyoyapata kwenye simu juzi. Siku zinakwenda, baba anapungua, dada ameshakata tiketi, mimi nalinganisha betri. Mwishowe nikarudi pale pale kwa yule mama, mkia nimeufyata. Akatoa kale kadogo chini ya meza.

"Nilikuwekea," akasema. "Nilijua utarudi, ila sikujua utachelewa hivi."

Nililipa siku ya Alhamisi. Dada alikuwa anafika Ijumaa jioni.

Ijumaa mchana kazi ikasimama kwa mapumziko. Nikaegemeza viwiko kwenye kioo, nikavuta. Picha yangu ya kwanza ilikuwa tangi la maji. Ya pili ilikuwa kidole changu. Ya tatu, lo! Baba huyo, amejaa kidirishani kama tumekaa meza moja. Nikaona mpaka kifungo cha shingoni. Nikaona shati limekuwa kubwa kwake, na mimi ninayekula naye kila siku nilikuwa sijaliona hilo.

Akavua kofia, akainyanyua juu, akapunga. Midomo ikawa inacheza, anaongea. Nikatazama anakopungia, sikuona kitu. Mimi hanitazami, anatazama kushoto kwangu, hewani. Nikasema basi, ni kweli. Dada atamchukua na sina cha kumwambia.

Mara, pii, pii!

Baba akacheka. Akainama kidogo, kama wanavyoinama watu wa reli wa zamani, akavaa kofia, akashuka ngazi.

Nikageuza kamera polepole kushoto. Kwenye kibanda cha kreni ya manjano Mluzi alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani, anapunga fulana yake ya chungwa kuelekea paani kwetu kwa nguvu zote.

Nikachukua redio. "Mluzi, unampungia nani?"

"Aa, kuna mzee wangu kule paani. Rafiki yangu. Nisipompigia honi hashuki, anasimama tu juani ananisubiri, namwonea huruma."

"Tangu lini?"

"Tangu nipewe kreni hii. Siku ya kwanza tu alinipungia kama ananijua. Nikasema huyu mzee ana adabu, nitakosaje kumjibu?"

Nikamwambia, "Huyo ni baba yangu."

Mluzi hakupiga mluzi. Msimamizi ndiye aliyeingilia kati, akafoka kwamba redio ni za kazi, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru moyoni.

Nilipofika nyumbani dada alikuwa ameshafika. Begi la baba lilikuwa wazi kwenye kochi na yeye anapanga mashati humo. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kofia magotini, anatazama mikono ya binti yake inavyokunja. Sikusalimia hata. Nikawasha kamera, nikampa dada.

Akaitazama ile picha muda mrefu. Baba amenyanyua kofia, anacheka na meno yake yote yaliyobaki. "Anampungia nani?" akauliza.

"Mdogo wako, nani mwingine?" baba akajibu kutoka kitini, kwa upole, kama mtu aliyechoka kurudia. "Nampungia akiwa kazini, ananijibu kwa honi. Mnadhani naongea na nani?"

Dada akanigeukia. Mke wangu naye alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazini. Ningeweza kuinamisha kichwa tu, mambo yakaisha, nikabaki mtoto mwema. Ulimi ulikuwa umeshaanza kusema ndiyo.

"Siyo mimi, baba," nikasema. "Ile ya manjano nilihamishwa zamani. Sikukwambia. Aliyekuwa anakujibu ni mwenzangu, na alikuwa hajui hata wewe ni nani."

Baba akaigeuza kofia yake magotini, mara moja, mara mbili. "Hanijui, na siku zote hizo ananijibu?"

"Ndiyo."

"Basi mlete hapa kwetu nimshike mkono."

"Nitamleta, baba."

"Na wewe uko kwenye ipi?"

"Ya bluu. Ile ya nyuma yake kidogo."

"Ile?" Akanitazama usoni, na safari hii sikuwa na pengine pa kuangalia. "Naiona kila siku. Nilidhani haina mtu."

Dada alikaa chini pembeni ya begi. Kisha akaanza kutoa mashati ya baba, moja moja, na kuyaweka kochini bila kunitazama. Mke wangu akaenda akayachukua, akayarudisha chumbani kwa mzee.

"Ulikuwa unafanya nini humo ndani kutwa nzima?" baba akaniuliza.

"Nilikuwa nachagua kamera, baba."

Akanyoosha mkono, nikampa. Akaigeuza huku na huku, akachungulia kile kidirisha upande usio wake, akanirudishia.

"Jumatatu iache nyumbani," akasema. "Toa mkono dirishani nikuone."