Hesabu ya Sitini

Risasi ya saba haikulia kama sita zilizotangulia.

Sita za kwanza zilitoa mlio mkavu, na kila moja ilimrudisha Mkandarasi bega nyuma. Ya saba ilisema puf, kama mtu anayetema kokwa. Bega halikutikisika. Mkandarasi hakusita: kiganja kiligonga kitako cha bastola, mkono ukaikoki, ganda tupu likaruka sakafuni, risasi mpya ikaingia. Gonga, koki, piga. Miaka ya mashindano ilikuwa imeifundisha mikono yake hivyo, maana huko anayesimama kufikiri hupitwa.

Filimbi ikalia kabla hajapiga.

"Acha. Kidole nje. Wote kwenye mstari, acheni."

Mama Bendera alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, bendera nyekundu juu, kizibao cha rangi ya chungwa kimemning'inia kama nguo ya kuazima. Hakumgusa. Mtu aliyeshika bastola haguswi. Unamfikia kwa sauti tu, na sauti yenyewe iwe ile ile ya kila siku.

Mkandarasi alitoa kidole. Hakugeuka.

"Wewe mama, unajua kwamba huu ni mchujo? Unajua saa inatembea?"

"Najua, bosi. Mtutu ubaki kwenye tuta la udongo. Toa magazini ya risasi. Koki, itoke hiyo iliyomo. Sasa weka mezani."

"Imekwama kidogo tu. Nimeshaikwamua."

"Haikukwama. Imelia vibaya."

Kutoka kibanda cha tatu mtu alicheka. "Sasa tunafundishwa na ufagio."

Ni kweli alianzia kwenye ufagio. Miaka tisa iliyopita shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye sasa ndiye meneja wa uwanja huo wa shabaha, alimwingiza kazini kufagia maganda ya risasi. Alijaza ndoo nne kwa siku. Mgongo ulikuwa umeinama lakini masikio hayakuwa na kazi, basi yakajipa kazi yenyewe. Hata chini ya vifuniko vya masikio alijifunza kutofautisha mlio mzima na mlio mgonjwa. Kijitabu cha usalama kilichotundikwa ukutani alikisoma mpaka kurasa zikalegea, na asichokielewa alimwuliza fundi wa bastola, ambaye alimjibu kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kumwuliza. Ndiyo maana walipompa bendera ya kusimamia mstari hakushangaa, ingawa wanachama wanashangaa mpaka leo.

Jambo moja ndilo lililowachosha zaidi. Risasi ikikataa, triga ikisema tak na kimya, Mama Bendera huwasimamisha wote na kuhesabu mpaka sitini. Risasi iliyokataa huenda imekataa, huwaambia, na huenda bado inafikiri. Na inayofikiri haikuambii itamaliza lini. Mtutu mbele, subiri, ndipo uifungue, uso pembeni, na risasi yenyewe iende kwenye ndoo ya mchanga. Mumewe husema hata nyumbani akiulizwa swali yeye huhesabu kwanza.

Meneja alifika akifuta mdomo, chakula cha mchana hakijakwisha.

"Kuna nini tena, Mama Bendera?" Mbele ya wanachama hakumwita shemeji.

"Risasi moja imetoka bila nguvu. Nadhani kichwa chake kimebaki ndani ya mtutu. Angepiga nyingine nyuma yake, bastola ingempasukia mkononi."

"Unadhani," alisema Mkandarasi.

"Nadhani. Fimbo itatuambia."

Alichukua fimbo ya shaba kutoka kwenye droo, akampa meneja ili asije akasemwa kuwa aliisukuma kwa hila. Meneja aliiingiza mdomoni mwa mtutu wa ile bastola iliyowekwa mezani. Iliteleza urefu wa kidole kimoja, ikasema kok, ikasimama. Akaizungusha. Akaisukuma tena. Mtu wa kibanda cha tatu akaanza kutazama viatu vyake.

Mama Bendera alifikiri labda sasa wangekunywa maji, wangepoa, mambo yangeisha.

Mkandarasi aliichungulia ile fimbo kama bili ya mtu mwingine. "Haya. Umeshinda. Binti yangu, lete yako. Nina risasi tano za kumaliza."

Binti yake, mwanamke mzima aliyekuwa akipiga kwenye kibanda cha pili, hakusogea. "Baba, yangu sawa. Lakini risasi utatumia zipi?"

"Hizi hizi. Nimezijaza mwenyewe, nazijua kama vidole vyangu."

Boksi lilikuwa mezani, la plastiki, lenye vishimo hamsini. Kila risasi alikuwa ameijaza nyumbani kwa mashine ndogo ya mkono: ganda, fataki ya kuwashia, baruti, kichwa.

"Ulizijaza juzi," alisema binti, taratibu, "ukiwa na simu begani. Ukigombana na yule wa saruji. Uliinuka mara mbili."

"Nani amekuuliza?"

Lakini Mama Bendera alikuwa amekwisha sikia. Iliyolia puf haikupata baruti. Mtu aliyeinuka mara mbili huweza kuruka ganda mara mbili. Na aliyeharakisha baruti, fataki nazo alizibonyeza vipi?

"Bosi, boksi hilo lisipigwe leo," alisema. "Lipelekwe kwa fundi zifunguliwe. Mimi bendera siishushi likiwa mezani."

Mkandarasi hakumjibu yeye. Alimgeukia meneja.

"Lile tuta pale nani alilisukuma? Greda za nani? Niliomba hata asante? Leo mfagiaji wako ananipangia risasi za kupiga. Basi sawa. Kesho mtafute mwingine wa kuwasukumia udongo."

Meneja alitazama tuta. Alitazama saa. Alipomgeukia Mama Bendera sauti yake ilikuwa imekauka.

"Shusha bendera."

"Siwezi."

"Shusha bendera au vua kizibao. Sitasema mara mbili. Kila wiki ni wewe, kila wiki watu wanakuja ofisini kwangu kulalamika juu yako. Nimechoka kukutetea."

Mama Bendera alihesabu. Si mpaka sitini. Mpaka nane hivi. Nyumbani palikuwa na mtoto wa mwisho aliyebakiza mwaka mmoja shuleni, na mume asiye na kazi tangu kiwanda kilipofunga mlango akiwa nje. Meneja aliyajua yote hayo, mume huyo ni kaka yake. Mama Bendera akafungua kifungo cha kizibao, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya benchi. Filimbi juu yake. Bendera akampa meneja mkononi.

"Mwenye kuishusha ni wewe basi," alisema.

Alichukua mkoba wake uliokuwa ukutani. Vifuniko vya masikio alivaa, kwa mazoea tu.

Meneja akashusha bendera. Binti alitoa bastola yake kama anayetoa jino, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mkandarasi akasimama, akapanua miguu.

Ya kwanza: mlio mkavu, mzima. Ya pili, mzima. Alitabasamu kwa upande wa mdomo uliomwelekea Mama Bendera. Ya tatu, mzima. Mama Bendera alikuwa amefika mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Ya nne ilisema tak.

Kimya.

Bila kugeuka alijua kiganja cha kushoto cha Mkandarasi kilikuwa kinapanda. Gonga, koki.

"Usiguse," alisema.

Haikuwa sauti ya juu. Ilikuwa ile ya kila siku. Kiganja kikasimama hewani, chini ya bastola, kama mkono wa mtu anayepima mvua.

Alirudi kwa hatua za kawaida, mkoba begani, akasimama pale pale pa siku zote, hatua mbili nyuma.

"Kidole nje. Mtutu kwenye tuta. Mkono wa kushoto rudisha chini, polepole. Mtutu usiugeuze kuuangalia."

"Na ikilipuka?" Mkandarasi aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Itaelekea kwenye tuta lako. Moja."

Meneja alikuwa ameinua bendera tena bila kuambiwa.

"Kumi na tano. Kumi na sita."

Jasho lilimshuka Mkandarasi nyuma ya sikio, likaingia kwenye ukosi. Hakuna aliyecheka kibanda cha tatu. Binti ukutani alianza kuhesabu naye, kwanza kwa midomo, kisha kwa sauti.

"Thelathini na tatu."

"Shemeji," alinong'ona meneja, "mkono wake unachoka."

"Namwona. Bosi, shika kwa mikono yote miwili, taratibu. Hivyo. Thelathini na tano."

Kizibao kilikuwa bado juu ya benchi, kimekunjwa mara mbili. Hakuna aliyekitazama.

"Arobaini na moja," alisema Mama Bendera.

"Arobaini na mbili," alisema Mkandarasi.