Mtama wa Shamba la Hana

Mke wa Bartolomayo alikuwa akisonga ugali wa mtama mpya, adhuhuri ya Jumatatu, marehemu Hana alipoingia, akanawa mikono na kukaa mkekani.

"Karibu, mama," mke huyo alisema, akaongeza sahani.

Hana alikuwa amezikwa miezi tisa kabla, katika shamba ambalo babu yake alilifyeka wakati kitongoji hicho cha Chemba hakijapata hata jina. Operesheni Vijiji iliihamisha familia yao. Baadaye walirudi, na hakuna aliyebishana nao kuhusu mpaka. Lakini wapima walipokuja kuandikisha hati, wiki moja baada ya mazishi, aliyewatembeza ni Bartolomayo, mwenyekiti wa kitongoji. Hati ikatoka kwa jina lake. Akakodi trekta, akalima hadi juu ya kaburi.

Hana alimaliza ugali wote. Kesho yake akarudi. Hakugusa wali wala viazi; alikula mtama wa shamba lile tu, taratibu. Watoto wakawa wanakula kwa majirani. Bartolomayo, chochote alichokula kwingine hakikumkaa tumboni.

Mwezi wa tatu tangu Hana aanze kuja, suruali ikiwa imefungwa kwa kamba, alimfuata Paskalia, binti wa Hana, aliyekuwa akiponda kokoto kando ya barabara.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mwambie mama yako apumzike."

"Apumzike wapi? Umepitisha trekta. Nirudishie shamba."

"Hati imeshatoka, mwanangu."

Paskalia akaweka nyundo chini. "Anakula kwa mboga gani?"

"Anakula mkavu."

"Ndiyo maana anachelewa kumaliza."

Tangu siku hiyo alipeleka bakuli la mlenda, mboga ya utelezi, kila adhuhuri. Alimtazama mama akila, akajisikia vizuri, wala hakuona aibu. Gunia la mwisho la mtama likaisha kabla ya mvua.

Baraza la ardhi lilimjibu Paskalia kwamba hati ni hati, na marehemu hawezi kudai. Bartolomayo, aliyebaki mifupa, akalima tena, akapanda. Mtama ulistawi kuliko wa jirani yeyote. Walimzika ulipokuwa ukitoa masuke.

Hati ikahamishiwa kwa mwanawe mkubwa, Fulgence. Siku ya mavuno Paskalia alisimama mpakani, akawatazama watoto wa Bartolomayo wakikata masuke. Walikuwa watano, wote wamenona.

Akaenda kuchuma mlenda.