Miwani ya Kupimia Plagi

Mzee Emmanuel wa Timboroa hakujali kwamba Wesonga, fundi aliyetaka kumwoa binti yake, ni Mbukusu. Alijali lori lake. Fundi anayeshindwa na lori la baba mkwe, huyo ni mkwe wa nini? Kwa hiyo wiki ya posa alimpa kazi moja: aweke plagi mpya kwenye lori lile kuukuu la petroli, lililomzidi binti yake Chepkoech umri, kisha alipeleke huko chini Plateau kuwaleta wajomba wa msichana.

Plagi Wesonga alizichagua vizuri. Kupima mwanya, ule upenyo mdogo wa kurukia cheche kwenye ncha ya plagi, ndiko kulikomshinda. Kipimo chake ni vipande vyembamba vya chuma, vyenye tarakimu ndogo kama mayai ya chawa. Miwani alikuwa nayo, lakini siku ya kwanza kuivaa, kwake Chepkoech pale mtaani West Indies, msichana alicheka hadi akashika ukuta. "Unakaa tu kama babu yangu," akamwambia. Tangu hapo miwani ililala mfukoni. Sasa akakadiria kwa jicho, maana mwanamume akichekwa na anayempenda huwa hana akili tena.

Lori tupu liliteremka bila shida. Kurudi, limejaa wajomba, likaanza kukohoa mlimani. Wazee wa watu, na suti zao, wakashuka wakapanda kilima kwa miguu. Walifika wamejaa matope.

Mzee Emmanuel alitoa plagi moja kwa kitambaa, akaitazama. "Huu mwanya ni mpana. Chukua kipimo, pima hapa tukiona."

Wesonga alikisogeza kipimo karibu, kisha mbali. Wajomba walitazama viatu vyao. Kwenye hema la wageni, mama yake Wesonga, Nakhumicha, aliinamisha kichwa.

Dirishani, masikio ya Chepkoech yaliwaka kwa aibu. Siku ya posa msichana hatoki mpaka aitwe. Alitoka, akapita katikati ya wajomba, akachomoa miwani mfukoni mwa Wesonga na kumvisha.

Wesonga alipima plagi zote na kuzirekebisha bila kuinua uso. Injini ikanguruma sawasawa, lakini Mzee alikuwa akimtazama binti yake.

"Ulijua haoni?"

"Nilijua, Baba."

"Na kwa nini anaficha?"

"Nilimcheka."

Hemani, Nakhumicha alikuwa akipapasa meza akitafuta kikombe chake. "Kumbe ndio maana aliniambia miwani yangu niiache nyumbani," akasema.

Chepkoech alikwenda akamshika mkono, akaufikisha kwenye kikombe. Chai ilikuwa imepoa.